Presha, Mawazo na Ukomo wa Hedhi: Usawiri wa Mwanamke wa Makamo katika Fasihi

Utangulizi

Tangu miaka ya 1980, uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki umemshughulikia mwanamke kwa kina. Umemchunguza akiwa binti anayenyimwa masomo, mchumba anayeozwa bila ridhaa, mke anayepigwa, mama anayelea peke yake, na bibi anayehifadhi masimulizi ya ukoo. Hata hivyo, kati ya mama na bibi pana pengo. Mwanamke mwenye umri wa miaka 45 hadi 55 hivi, ambaye hedhi yake inakoma au imekwisha kukoma, ambaye watoto wake wanaondoka nyumbani, na ambaye ameambiwa kituoni kwamba ana shinikizo la damu, ni nadra kuwa mhusika mkuu. Akitokea, aghalabu hutokea kama mama wa mtu mwingine.

Makala hii inachunguza pengo hilo. Hoja yake ni kwamba fasihi, pamoja na lugha ya kila siku inayoirutubisha, imempa mwanamke huyu njia mbili kuu za kuwa na hisia: ama apokee habari mbaya na kuanguka, ama avumilie na kunyamaza. Njia zote mbili zinamnyang'anya hisia zake mwenyewe, na madhara yake hayaishii vitabuni.

Ili hoja isielee hewani, itafungwa na mahali maalumu. Kianjokoma ni kituo cha biashara katika Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali ambapo chai hustawi juu kuelekea msituni na kahawa chini yake. Kazi kubwa ya kuchuma zao hizo mbili hufanywa na mikono ya wanawake, wengi wao wakiwa wa umri unaozungumziwa hapa. Lugha yao ya nyumbani ni Kiembu. Kiswahili ni lugha ya soko, ya redio, na mara nyingi ya mazungumzo na mhudumu wa afya aliyetoka kwingine. Kwa hiyo neno la Kiswahili analolipata mwanamke wa Kianjokoma kwa ajili ya mwili wake ni neno lililokwisha kubeba maana za watu wengine. Kuyachunguza maneno hayo ni kazi ya mhakiki kama ilivyo kazi ya tabibu.

Neno "presha" na jirani yake "mawazo"

Kiswahili sanifu kina istilahi ya shinikizo la damu. Sokoni na kwenye foleni ya kituo cha afya, neno ni presha. Neno hili lina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Ya kwanza ni kile kipimo kinachosomwa mkono ukiwa umefungwa kitambaa na kujazwa hewa. Ya pili ni msukumo wa watu na shida zao: "usinipe presha" ni ombi la kutosumbuliwa. Istilahi sanifu nayo haikuukwepa utata huo, kwani shinikizo hilohilo ndilo linalotumiwa kwa wanasiasa na wakopeshaji.

Jirani wa presha ni mawazo. Mtu akisemwa kwamba "ana mawazo", hasifiwi kwa kufikiri. Anaelezwa kuwa na huzuni au wasiwasi usiokwisha. Kutokana na maneno haya mawili pamejengeka nadharia fupi inayojulikana na kila msemaji: mawazo huleta presha, na presha huua.

Nadharia hiyo si upuuzi mtupu. Wasiwasi huweza kuipandisha presha kwa muda, na maisha ya dhiki huharibu usingizi, chakula na utaratibu wa dawa. Lakini katika jambo moja inapotosha sana. Shinikizo la damu, ambalo kwa kawaida hutambuliwa kuanzia kipimo cha 140 kwa 90 kinachorudiwa, mara nyingi halina dalili yoyote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nalo, na kwamba karibu nusu yao hawakujua. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watu wazima walikuwa na kipimo kilichopanda. Huu ni ugonjwa wa kimya.

Ukomo wa hedhi, kinyume chake, huweza kuwa na sauti kubwa. Joto hupanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho hulowesha shuka usiku, moyo huenda mbio, usingizi hukatika, hasira na huzuni huja bila kubisha hodi. Miaka ya mpito huo ni miaka ambayo hatari ya sonona huongezeka kwa baadhi ya wanawake. Ni miaka hiyohiyo pia ambapo, kwa sababu ya umri, ya kupungua kwa homoni ya estrojeni na ya mishipa kupoteza unyumbufu wake, shinikizo la damu huwapata wanawake wengi zaidi kuliko awali. Ugonjwa wa kimya na badiliko lenye sauti hukutana katika mwili mmoja, na sauti ya hili husomwa kama ishara ya ule.

Hapa ndipo kosa la usomaji linapozaa madhara. Mwanamke anayeamini kwamba joto na mapigo ya moyo ndiyo presha, siku joto lisipokuja huamini kwamba presha imekwisha, na vidonge hubaki kwenye mkebe. Anayeamini kwamba presha ni mawazo huacha dawa mara deni linapolipwa au mwana anapopata kazi. Upande wa pili, mhudumu anayeandika "umri" au "presha" mbele ya kila malalamiko huenda asiisikie huzuni inayohitaji kusikilizwa kwa haki yake. Katika hali zote hizi mtu ameshika neno moja na kulisomea maana isiyo yake. Mhakiki anazifahamu hali za namna hii.

Kaida ya habari mbaya

Neno presha linapoingia katika sanaa hupewa kazi maalumu. Mfuatiliaji wa maigizo ya redio na filamu za Kiswahili anaifahamu kaida hii: simu inalia, mama anapokea, anashika kifua, anaanguka. Pengine hufa, pengine huamkia hospitalini akizungukwa na wanawe waliopatana. Presha hapa ni radi, na kazi yake ni kuufikisha mgogoro kileleni au kuufunga.

Tatizo la kaida hii ni la kifani kabla halijawa la kimaudhui. Msuko wa masimulizi ya aina hiyo hutaka kilele, ilhali ugonjwa wenyewe hauna kilele kwa miaka mingi. Una kidonge cha asubuhi, chumvi inayopunguzwa, safari ya kliniki inayogongana na siku ya kupeleka majani kwenye kituo cha kukusanyia chai. Fani inayotegemea tukio kubwa haiwezi kumwona mwanamke wa aina hii mpaka siku aangukapo. Yaliyomo kichwani mwake miaka kumi kabla ya siku hiyo hayana nafasi katika msuko.

Madhara ya kijamii ya kaida hiyo yanaonekana katika desturi ya kumficha mama habari "asije akapata presha". Kipande cha shamba kinauzwa, mimba ya binti inajulikana, mwana anafukuzwa kazi, na mtu wa mwisho kuambiwa ni mama. Desturi hii huzaliwa na upendo, lakini matokeo yake ni kumwondoa mwanamke katika baraza la maamuzi kwa kisingizio cha kumlinda moyo. Presha hugeuka hukumu: aliyeambiwa anayo hustaafishwa kutoka katika maisha yake mwenyewe. Na mtu anayehisi kwamba watu hunyamaza anapoingia chumbani hapati utulivu, hupata mawazo.

Mfano wenye uzito zaidi kuliko maigizo ya redio ni Nyakinyua katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood (1977). Nyakinyua ni kumbukumbu ya Ilmorog: ndiye mwenye siri za kutengeneza theng'eta na ndiye anayewaunganisha walio hai na waliotangulia. Ardhi yake inapotishiwa kunadiwa na benki kwa sababu ya mkopo, anatembea nyumba kwa nyumba akiwaita wakulima wapigane. Hawampi jibu, kwa kuwa hawajui wapigane na nani. Siku chache baadaye anafariki usingizini, kwa amani.

Wahakiki wameusoma mwisho huo kama kauli juu ya uporaji wa wakulima, na usomaji huo ni sahihi. Lakini neno "amani" linastahili kushukiwa. Mwanamke aliyekuwa akizunguka vijiji kwa hasira anazimika kama taa iliyokwisha mafuta, na masimulizi hayauliziulizi mwili wake ulivyoibeba hasira hiyo usiku baada ya usiku. Mtunzi ameikwepa kaida ya radi, jambo la kusifiwa. Hata hivyo, alipoikwepa, ameuondoa pia mwili. Msomaji wa Kianjokoma, anayeijua mikopo ya pembejeo na malipo ya kahawa yanayochelewa, huenda akaona kwamba kurasa ambazo angetaka kuzisoma ndizo zilizorukwa.

Nguzo haiumwi

Njia ya pili ni ya uvumilivu. Hapa mwanamke mtu mzima hachukuliwi kuwa dhaifu. Anachukuliwa kuwa na nguvu kupita kiasi. Bi Farashuu katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ni mfano bora wa mwanamke mzee ambaye hisia zake zina athari katika msuko. Dhuluma aliyotendewa binti yake na Bwana Maksuudi haimlizi tu, inampa mpango. Ni mhusika hai, mwenye akili na ulimi. Hata hivyo hisia yake ni moja, na imeshikizwa na mwanamume aliyemkosea. Msomaji anamjua Bi Farashuu kwa kisasi chake. Ni vigumu kumjua kwa uchovu wake.

Penina Muhando aliikaribia zaidi hali hii katika tamthilia ya Nguzo Mama (1982). Wanawake wa Patata, wanaoitwa kwa nambari kama vile Bi Moja na Bi Pili, wanatakiwa kuisimamisha nguzo ambayo ni wao wenyewe. Wanashindwa, kwa sababu kila mmoja ana mzigo unaomvuta nyumbani. Uamuzi wa kuwapa nambari badala ya majina unasema jambo zito: jamii huwahesabu wanawake kabla ya kuwajua. Muhando aliutilia shaka uvumilivu wenyewe. Alionyesha kwamba sifa ya kuwa nguzo ni njia ya kumdai mwanamke zaidi, kwani nguzo haitarajiwi kuumwa wala kulala mchana. Sitiari hiyo ikipelekwa hatua moja mbele, inafika moja kwa moja kwenye chumba cha vipimo: mwanamke aliyelelewa kuwa nguzo huona haya kusema kwamba ameshindwa kulala miezi mitatu.

Kazi iliyoenda mbali zaidi ni riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, The Present Moment (1987). Wahusika wake wakuu ni wanawake saba wazee wanaoishi pamoja katika makao yaitwayo Refuge jijini Nairobi. Miongoni mwao yumo Wairimu, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya kahawa, na yumo anayejulikana kwa jina la Mama Chungu, jina la Kiswahili linaloweka maumivu mahali pa jina la mtoto. Fani ya riwaya hii haikimbilii kilele. Inakwenda na kurudi kati ya leo na jana, kama mazungumzo ya wanawake waliokaa benchi moja, na kwa sababu hiyo inaweza kubeba maumivu ya kila siku. Macgoye alithibitisha kwamba inawezekana kuandika kwa kina juu ya wanawake waliopita umri wa kuzaa bila kumgeuza yeyote wao kuwa radi au nguzo. Lakini wanawake wake wamekwisha kuvuka mto. Kuvuka kwenyewe, ile miaka ya joto la ghafla na hasira isiyo na jina, kunabaki nyuma yao.

Mwili wa Mwana Kupona

Huenda ikadhaniwa kwamba fasihi ya Kiswahili haijapata kumsikiliza mwanamke wa umri huu. Dhana hiyo si kweli, na ushahidi ni utenzi mashuhuri kuliko zote zilizotungwa na mwanamke. Mwana Kupona binti Mshamu anakadiriwa kuzaliwa yapata mwaka 1810, na utenzi wake aliutunga mwaka 1858. Alikuwa na umri wa miaka 48 hivi, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mama wa binti aliyekuwa akikaribia ndoa, na alikuwa mgonjwa. Mapokeo husimulia kwamba maradhi yake yalikuwa ya kutokwa damu katika tumbo la uzazi, na kwamba alifariki miaka michache baadaye.

Kwa miongo kadhaa wahakiki wamebishana juu ya utenzi huu. Wapo wanaouona kuwa chombo cha kumfundisha binti utumwa wa ndoa. Wapo wanaoona ndani yake hila ya mwanamke anayejua mahali nguvu ilipo. Pande zote mbili zimejadili mafundisho, na kwa kiasi kikubwa zimeuacha mwili unaofundisha. Ilhali mtunzi mwenyewe aliuweka ugonjwa wake mlangoni mwa utenzi: ndiyo sababu ya binti kuitwa akae karibu, na ndiyo sababu ya haraka katika maneno. Hakuna haja ya kumpa Mwana Kupona utambuzi wa kitabibu kutoka umbali wa zaidi ya karne moja na nusu. Yatosha kutambua kwamba utenzi huu ni usemi wa mwanamke wa makamo ambaye mwili wake umebadilika na ambaye, kabla hajanyamazishwa, anachagua nani atamsikiliza. Akisomwa hivyo, utiifu na hila si mambo pekee yaliyomo. Yamo pia mapenzi, hofu ya kumwacha mtoto, na ujane ambao haukumwondolea sauti. Mwanamke mgonjwa hapa hafichwi habari; yeye ndiye mtoaji wa habari.

Kianjokoma kama mahali pa kusomea

Kutoka Lamu ya 1858 hadi miteremko ya Mlima Kenya ni mbali, lakini swali ni lilelile: mwanamke huyu anaongea na nani, na kwa maneno gani? Jamii za mlima huu zilikuwa na jibu lao. Katika Facing Mount Kenya (1938), Jomo Kenyatta alieleza kwamba miongoni mwa Wakikuyu, majirani wa Waembu, wanawake waliopita umri wa kuzaa walipewa nafasi katika baadhi ya ibada ambazo wanawake wengine hawakuruhusiwa kuzikaribia. Kukoma kwa hedhi kulikuwa mlango wa kuingilia mahali palipoheshimiwa. Isidhaniwe kwamba heshima hiyo ilipunguza joto la usiku; lakini iliupa mpito huo maana mbele ya watu. Leo mpito huohuo hupita kimya, au hutajwa kwa kunong'ona, na neno la kwanza la hadharani ambalo mwanamke hulipata juu ya mwili wake ni presha.

Mkusanyiko wa Ciarunji Chesaina, Oral Literature of the Embu and Mbeere (1997), unaonyesha upana wa sanaa simulizi iliyohifadhiwa na jamii hizi: ngano, nyimbo, vitendawili na methali. Aghalabu fasimulizi ya namna hii husomwa kwa ajili ya mafunzo inayowapa watoto. Inafaa isomwe pia kwa kumwangalia msimulizi. Usiku wa hadithi, mwanamke mtu mzima alikuwa na hadhira, na kupitia kwa zimwi na sungura aliweza kusema juu ya woga, wivu na uchovu bila kuungama. Hadhira hiyo imepungua. Mahali pake pamebaki chumba cha kliniki, ambamo mwanamke wa miaka 50 hutakiwa kueleza habari za hedhi, kwa lugha ya pili, mbele ya kijana wa umri wa mwanawe. Si ajabu akichagua neno fupi lisilo na aibu: "ni presha tu, daktari". Neno hilo ni kinga ya heshima yake. Mhudumu asiyelisoma kama kinga hulipokea kama taarifa kamili.

Lugha ya magazeti nayo imechangia. Jina la Kianjokoma liliingia katika vichwa vya habari vya taifa mwezi Agosti 2021, ndugu wawili vijana walipofariki baada ya kukamatwa na polisi wakati wa kafyu ya korona. Maafisa sita wa polisi walishtakiwa kwa mauaji. Nchi ililia pamoja na wazazi, na ilikuwa haki kulia. Jambo la kiuhakiki ni la jumla zaidi: katika habari za namna hii mwanamke wa makamo huingia kwenye maandishi akiwa mfiwa, hupigwa picha siku ya kilio, kisha huondoka. Miaka inayofuata, ambamo majonzi hukaa pamoja na vidonge, shamba na usingizi unaokatika, haina mwandishi.

Hitimisho

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba fasihi si kijitabu cha afya, na kwamba riwaya haina wajibu wa kueleza homoni. Ni kweli. Hoja ya makala hii haidai kwamba watunzi wafundishe uganga. Inadai kinyume chake: kwamba matabibu wameachiwa peke yao jambo ambalo ni la fasihi, yaani kuzipa hisia majina yanayotofautiana. Mahali ambapo lugha ina neno moja tu kwa joto, hofu, deni, ujane, hasira na kipimo cha damu, mwenye kuumwa hana namna ya kusema ni lipi kati ya hayo linalomkosesha usingizi.

Kutokana na hayo yanafuata mambo matatu. Kwa mtunzi, panahitajika fani inayoweza kustahimili ugonjwa usio na kilele, kama Macgoye alivyoanza kuonyesha. Kwa mwalimu, Utenzi wa Mwana Kupona ufundishwe pamoja na umri na afya ya aliyeutunga, ili mwanafunzi aone kwamba sauti ya mamlaka katika fasihi ya Kiswahili iliwahi kutoka katika mwili wa mwanamke mgonjwa wa makamo. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, mwanamke wa Kianjokoma asiendewe tu kwa ngano alizorithi. Aulizwe pia, na mwanamke mwenzake na kwa Kiembu, namna anavyousimulia mpito wake mwenyewe, na masimulizi hayo yahesabiwe kuwa matini.

Wahenga walisema utu uzima dawa. Methali hiyo kwa kawaida husifu busara ya wazee mbele ya shida za vijana. Inaweza kusomwa kwa namna nyingine: mtu mzima ni dawa kwa wengine mradi amesikilizwa, na jamii inayomtaka mama awe dawa ya nyumba nzima huku ikimwachia neno moja tu la kusema anapoumwa, imeichukua methali hiyo nusu.